Mwaka huu siombi

Minneapolis, Aprili

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, baridi imelegea na barafu ya ziwani imeanza kumeguka. Baba, Jumapili uliniaga kwa sauti ya chini, nikajua hujaridhika. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nalia kabla sijamaliza kueleza.

Ni kweli, chuo cha mwisho cha udaktari nilichoomba nacho kimenikataa. Barua pepe niliisoma saa tisa usiku katikati ya zamu, chakula changu kikizunguka ndani ya maikrowevu. Mistari minne. Nikaweka simu mfukoni, nikaenda kumgeuza mzee wa chumba cha mwisho, maana yule hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Akaniuliza mbona mikono yangu ya baridi leo.

Baba, unataka niombe tena Juni hii. Naomba unisikilize. Huko nyumbani mtoto anatoka kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na baiolojia, anaomba udaktari moja kwa moja. Hapa lazima kwanza umalize shahada nyingine, kwa kawaida miaka 4, ndipo uombe. Fomu zinaanza kupokelewa karibu na Juni, kwa masomo ya Agosti ya mwaka unaofuata, na vyuo vingi vinaita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia. Mimi nilituma mwisho wa Septemba, kwa sababu nilikuwa bado nadunduliza ada za maombi. Wenzangu walikuwa wameshaitwa.

Na ukirudi kuomba, vyuo vingine vinakuuliza waziwazi: tangu mwaka jana umebadilika nini? Nikituma miezi miwili kutoka leo nitawajibu nini, Baba? Nitakuwa nimelipa ada zilezile niwapelekee mtu yuleyule.

Nilipigia chuo kimoja nikaomba waniambie ukweli. Mama mmoja wa udahili alinipa dakika kumi, Mungu ambariki. Kwenye MCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari hapa, nilipata 503, na wanaopokelewa nchini hapa wastani wao ni kama 512. Kilichoniangusha si kemia. Ni ile sehemu ya kusoma makala ndefu za falsafa na historia na kuzichambua mbiombio, ambako baiolojia niliyoikesha haikunisaidia kitu. Halafu barua za walimu wangu zilikuwa nyepesi. Sishangai, nilikuwa natoka darasani mbio kuwahi kazini, wangenijulia wapi? Kazi yangu ya kulea wazee yule mama aliisifu sana, ila akasema sijawahi kukaa na daktari nikaona siku yake inavyokwenda.

Haya hayarekebishiki kwa miezi miwili. Mtihani wenyewe unaruhusiwa mara 7 tu maisha yote, na alama za nyuma hazifutiki, vyuo vinaziona. Nitaurudia Januari, matokeo hutoka baada ya kama mwezi mmoja, na Juni ya mwakani maombi yangu yatatumwa siku za mwanzo kabisa. Kwa mpango wako ningeingia darasani mwaka mmoja mapema zaidi, kama wangenichukua. Mwaka huo nimeamua kuutoa.

Sasa lile gumu. Ili nisome, nimepunguza zamu kutoka tano hadi tatu kwa wiki, kwa hiyo pesa ya kila mwezi itapungua. Mama, dawa zako za presha sitazigusa, hizo zitakuja kama kawaida. Ujenzi wa uzio usubiri. Na kiwanja cha Pongwe, Baba, nakusihi usikiuze kwa ajili yangu.

Mjomba anasema nirudi niombe udaktari chuo cha Muhimbili. Nililifikiria kwa uzito, siku nyingi. Lakini deni la masomo ya hapa lingenifuata hadi Tanga, nami ningelilipa kwa pesa gani?

Mama, najua unahesabu miaka yangu. Nami naihesabu. Nitaingia nikiwa na 28, nimalize na 32, kisha mafunzo ya hospitali miaka mitatu au zaidi. Naomba uniombee kwa hesabu hiyohiyo.

Nisalimieni wadogo zangu na majirani. Baba, nipigie Jumapili saa tatu usiku ya huko, nitakuwa nimeshaamka. Nataka kusikia kutoka kwako mwenyewe kama umenielewa.

Mwanenu