Kwa nini tunakukalisha kwanza kabla ya kukupima presha

Wengi wanaoingia famasi kwetu kupima presha huja na haraka. Mtu ndiyo kwanza ameshuka daladala, jasho halijakauka, mkono keshaunyoosha: "Nipime chapchap niwahi." Tunamvutia kiti. Wapo wanaonuna, na hatuwalaumu, lakini namba ya mtu anayehema haimsaidii yeye wala daktari wake.

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni ile ya wakati moyo unajikaza, chemba ya chini kushoto, yenye ukuta mnene kuliko zote, ikirusha damu kwenye mshipa mkuu. Namba ya chini ni inayobaki moyo ukilegea ili ujae tena. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Akikimbilia gari kiasi hicho huongezeka sana, na namba ya juu hupanda. Huo si ugonjwa.

Kwa hiyo utakaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, bila kukunja nne. Mkono unalala mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba inapanda. Mkanda tunaufunga kwenye ngozi, siyo juu ya shati. Umebanwa na mkojo? Choo kipo nyuma, anza huko. Ukitoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, subiri nusu saa. Na wakati mashine inasoma usiongee, hata kama jana Simba na Yanga walikutana. Tunapima mara mbili, tukipumzika dakika moja katikati, na mara nyingi ya pili huwa chini kidogo. Mgeni tunampima mikono yote miwili, halafu tunamwandikia upi ulisoma juu zaidi ili siku nyingine apimwe huohuo.

Mkanda nao una saizi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine humpa mtu presha asiyokuwa nayo. Mkubwa tunao, usione haya tukiutoa.

Ikisoma 140/90 au zaidi, na ikajirudia siku tofauti, tunakuandikia matokeo uende kwa daktari. Sisi hatumwanzishii mtu dawa. Ikifika 180/120 na kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi, hapo ni hospitali moja kwa moja, usipitie nyumbani.

Linalotusumbua zaidi ni dawa za maumivu. Mama anatumia losatani, dawa ya kushusha presha, kila siku bila kukosa, kadi ya kliniki imejaa namba ya juu ya 160, dozi imeshaongezwa. Tukimuuliza anatumia nini kingine, anasema hakuna. Tukimuuliza kuhusu magoti, anafungua pochi na kutoa karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Humeza asubuhi na jioni. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya figo zishikilie chumvi na maji, presha ikapanda, na huipunguzia nguvu losatani yenyewe. Akiwa anatumia pia dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Kwake yeye hiyo ni "ya magoti tu", haina uhusiano na moyo, ndiyo maana hata daktari hakumtajia.

Wengine huacha dawa za presha kimyakimya. Amlodipini imewavimbisha miguu, au enalaprili imewaletea kikohozi kikavu kisichoisha. Kero hizo zinajulikana na dawa za kubadilishia zipo, ila anayebadilisha ni daktari. Kitunguu saumu kula tu, ni kitamu kwenye mchuzi, lakini hakichukui nafasi ya kidonge.

Ukija, njoo na kadi yako ya kliniki na pakiti zote unazotumia, za magoti, za mgongo na za mafua pia. Kama unayo mashine yako nyumbani, ibebe tuilinganishe na yetu.