Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wahadhiri wa Saikofamakolojia kwa Njia ya Masafa

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na ninyi mnaotufuata kwa simu kutoka Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, nawasalimu.

Naanza na yale mnayoyajua ili tuyamalize upesi. Kozi yetu ya saikofamakolojia, yaani elimu ya dawa za magonjwa ya akili, iliendeshwa kwa awamu mbili kama kawaida. Mihadhara yote ilitolewa isipokuwa ule wa dawa za usingizi, ambao mhadhiri wake alikuwa safarini, na habari za umeme wa huko alikokuwa anazijua mwenyewe. Wanasaikolojia 74 walijisajili, 51 wakamaliza, 46 wakafaulu. Ziara ya Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, ilifanyika. Mwongozo wa wanafunzi umehaririwa upya, kazi niliyoifanya usiku bila posho yoyote. Sauti za mihadhara sasa zinapunguzwa ukubwa na kutumwa kwa WhatsApp, ili mwanafunzi wa Kotido asilazimike kununua bando kubwa, hasa tangu ushuru wa asilimia 12 uwekwe kwenye bando Julai 2021. Wazo hilo lilikuwa langu, na waliolicheka nawakumbuka kwa majina.

Nakuja kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo, maana kwa mahudhurio ya mwaka mzima siamini kwamba mmekuja kusikiliza hesabu.

Mwezi wa Mei Kamati Tendaji iliondoa zoezi la kuandika cheti cha dawa katika moduli ya sita, ikaweka mahali pake zoezi la kumwandikia daktari barua ya rufaa. Kura zilikuwa tano kwa mbili. Tangu siku hiyo nimeitwa mwoga, nimeitwa kibaraka wa madaktari, na kwenye kundi letu la WhatsApp mtu mzima mwenye shahada tatu ameandika maneno ambayo heshima ya mkutano huu hainiruhusu kuyasoma.

Zoezi lile lilimpa mwanafunzi mgonjwa wa kubuni, naye akajaza fomu: dawa gani, kipimo gani, mara ngapi kwa siku, kwa muda gani. Fomu ilikuwa na nembo yetu, na chini yake namba ya simu. Mwezi wa Machi nilipigiwa na mwenye duka la dawa katika mji ambao sitautaja. Mbele yake alikuwa amesimama mama mmoja mkononi na fomu yetu, imejazwa kwa mwandiko safi kabisa: amitriptilini, dawa ya sonona, ya miezi mitatu. Aliyeijaza alikuwa mwanafunzi wetu, na mama yule ni shangazi yake. Kila mmoja wenu anafundisha kwamba amitriptilini nyingi ikimezwa kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua, na kwamba mgonjwa wa sonona hapewi akiba ya miezi mitatu aiweke chini ya mto. Mwenye duka alikuwa mtu makini, akakataa kuitoa. Lakini namba iliyokuwa kwenye fomu ni yangu. Wale walioniita mwoga, simu zao siku hiyo hazikulia.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni Marekani. Wanasema New Mexico iliwaruhusu wanasaikolojia kuandika dawa mwaka 2002, Louisiana ikafuata 2004, kisha Illinois, Iowa, Idaho, na juzi Colorado na Utah, na kwamba baadhi ya wanasaikolojia hao walisoma kwa masafa kama tunavyofundisha sisi. Ni kweli, na somo hilo nililifundisha mimi kabla baadhi yenu hawajajiunga. Ila mnasoma nusu ya ukurasa. Mtu yule anaanza na shahada ya uzamivu, anaongeza ya uzamili katika saikofamakolojia, anafanya mazoezi kwa wagonjwa chini ya usimamizi, anakaa mtihani wa kitaifa, na juu ya yote hayo bunge la jimbo lake limekwisha kupitisha sheria. Jeshi lao lenyewe lilipojaribu jambo hili kuanzia 1991, hadi mradi unafungwa walikuwa wamehitimu wanasaikolojia kumi tu. Sisi kozi yetu ni ya miezi mitano, nusu yake inasikilizwa kwenye boda boda.

Kwetu Uganda sheria haijampa mwanasaikolojia kalamu hiyo. Tulipata Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 badala ya ile ya enzi za mkoloni, na wengi tulishangilia, lakini haikutugeuza kuwa waandika dawa. Wilayani anayeandika mara nyingi ni ofisa wa kliniki wa magonjwa ya akili, aliyesomea kazi hiyo pale Butabika. Tukiendelea kuwazoesha wanafunzi fomu ambayo hawana ruhusa ya kuitumia, siku moja atakayepigiwa simu hatakuwa mwenyekiti, atakuwa wakili.

Hoja ya pili ni kwamba tumeishusha kozi hadhi. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inatoka kwa wahadhiri. Daktari wa kituo cha afya chenye foleni hadi getini anamwona mgonjwa dakika chache. Mwanasaikolojia anakaa naye saa nzima, na wiki ijayo tena. Nani ataona shingo inayojipinda siku mbili baada ya sindano ya haloperidoli, dawa ya wagonjwa wanaosikia sauti zisizokuwepo, huku ndugu wanasema ni mapepo? Nani ataulizwa na mama anayemeza valproeti, dawa ya kifafa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, kama anaweza kubeba mimba? Mgonjwa anayemeza lithiamu, dawa ya kutuliza hisia ambayo ikizidi kwenye damu ni sumu, akiharisha tangu juzi na mikono inamtetemeka, anayejua kwamba damu ipimwe leo, asingoje kliniki ya mwezi ujao, ni yule aliyefundishwa vizuri na nyinyi. Na kuna wale walio kwenye ARV. Dolutegraviri, mojawapo ya hizo ARV, ikikutana na kabamazepini, dawa ya kifafa, hupungua nguvu mwilini na kipimo chake hulazimika kuongezwa, lakini mgonjwa anachukua dawa moja dirisha hili na nyingine dirisha lile, na hakuna anayezitazama pamoja. Barua ya rufaa inayotaja hayo kwa mistari sita ni ngumu kuliko kujaza fomu. Nilisahihisha barua za awamu ya pili mwenyewe. Nyingi zilikuwa mbovu, jambo linaloonyesha kwamba zoezi lilihitajika zamani.

Hoja ya tatu, kwamba wanachama hawakuulizwa. Waliulizwa. Mkutano wa Aprili ulikuwa na jambo hili kwenye ajenda, namba nne, na wito ulitumwa wiki tatu kabla. Kati ya wanachama 58 waliingia mtandaoni 19. Akidi ni 20. Nikasubiri nusu saa. Tulipoita majina ili angalau tupate maoni, walioitika ni saba. Waliobaki majina yao yalikuwa kwenye kioo na wenyewe walikuwa sokoni. Katiba inasema akidi isipotimia Kamati inaamua, na Kamati ikaamua. Barua ya malalamiko iliyokuja Julai ina sahihi 14. Nimelinganisha sahihi hizo na mahudhurio ya Aprili, na nimeacha orodha mezani kwa atakayependa kuisoma.

Hilo linanipeleka kwenye ada. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 21, waliolipa kidogo kidogo ni 9, ambao hawajalipa chochote ni 28. Tulikusanya 3,005,000, tukiongeza salio la mwaka jana 1,140,000 tunapata 4,145,000. Seva na leseni ya mikutano 1,360,000, bando za wahadhiri 900,000, ukumbi na chakula 1,150,000, uchapishaji 310,000. Limebaki 425,000. Madeni ya wanachama ni 3,955,000, yaani tunadaiwa na sisi wenyewe zaidi ya tulichotumia mwaka mzima. Seva ilipokaribia kuzimwa Septemba nililipa kutoka mfukoni mwangu hadi mhazini aliponirudishia, na sikutangaza popote mpaka leo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuanza mazungumzo na chuo kimoja kikuu ili cheti chetu kitambuliwe, kupata wodi ambapo wanafunzi watakaa japo wiki moja, na pengine kuwa na maktaba ndogo. Wenzetu wa Gulu wameomba mkutano mmoja ufanyike kwao; Kamati italiangalia fedha zikiruhusu.

Uchaguzi wa viongozi utafuata baada ya chakula. Kwa mujibu wa katiba, mwenye deni hapigi kura wala hagombei. Mhazini ameketi karibu na mlango na kitabu cha risiti, na anapokea pia kwa simu.

Mwenyekiti
Kampala