Bei kubwa ni chambo, si kinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ya baadhi ya wasomaji kwamba ukahaba wa bei ya juu, kwa vile hufanyika hotelini kwa miadi na si barabarani, ni jambo la watu wazima wachache lisilomdhuru mtu. Nasomesha masomo ya biashara katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na nionavyo mimi, wasomaji hao wamelichukua tangazo la muuzaji wakalifanya ushahidi.

Katika biashara hii bei ndiyo tangazo lenyewe. Mwaka 1899 mchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alieleza kwamba watu hutumia fedha nyingi kwa vitu vya anasa ili waonekane wanavimudu. Makuwadi wanalijua hilo bila ya kulisoma darasani. Huficha sura kwenye picha, humtaka mteja mpya ajulishwe na mteja wa zamani, na hawapunguzi bei hata siku ikipita bure, kwa sababu punguzo moja hubomoa hadithi yote. Halafu huweka daraja la juu kabisa ambalo wachache hulinunua, na ambalo kazi yake kubwa ni kulifanya la kati lionekane nafuu. Muuza kanga wa Darajani anayekwambia "imebaki doti hii tu", na robota zima liko nyuma yake, anatumia mbinu hiyohiyo. Ila yeye hauzi mtu.

Emperors Club VIP, biashara ya ukahaba wa bei ya juu ya New York iliyofichuliwa mwaka 2008 na kumfanya Gavana wa jimbo hilo, Eliot Spitzer, aliyekuwa mteja wake, ajiuzulu, iliwapanga wanawake kwa almasi, hadi saba, na bei ya saa moja ikianzia dola 1,000 na kupindukia dola 5,000. Almasi hizo zilitolewa na wenye biashara wenyewe. Ama siri, ambayo ndiyo hasa mteja aliyokuwa akiilipia, haikuwapo, kwani simu zao zilikuwa zikisikilizwa na wapelelezi.

Lakini bei hiyo haisomwi na mteja peke yake. Msichana anayetafuta kazi katika hoteli za Nungwi au Paje naye huisoma, na kwake yeye ni ahadi ya mshahara. Haelezwi ni kiasi gani kitakatwa kwa chumba, nguo, picha na fungu la kuwadi. Na ile siri inayompendeza mteja humwacha yeye bila ya shahidi anapopigwa au kudhulumiwa, tena akiogopa kwenda polisi kwa kuwa kazi yenyewe inamtia aibu.

Kwa hivyo, Mhariri, waandishi wako wanapoitaja bei ya biashara hii, nawaomba waulize pia fedha hizo zinaingia mfukoni mwa nani, na wayaache maneno kama "daraja la juu" kwa wanaoyatumia kuuzia.

Mwalimu wa biashara,
Unguja