Hati ya Mjomba Khamis

Mambrui

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Nimekaa kimya tangu Mfunguo Mosi na una haki ya kunilaumu, lakini lawama hizo ziweke kwanza, kwani nina shida inayokuhitaji wewe uliyeko London. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, isipokuwa Mjomba Khamis, ambaye si mgonjwa bali amekasirika, na unajua mwenyewe lipi kati ya hayo mawili ni zito zaidi kwa jamaa zake.

Shamba analolima, ambamo babu amezikwa, limeuzwa na mwenye hati ambaye hatujapata kumwona, na mnunuzi ametuletea notisi ya kuhama. Mjomba hatishiki. Kila jioni barazani husema kwamba Mwingereza hakuondoka hivi hivi, bali alitia saini kuhifadhi haki za watu wa Mwambao. Saini ipo kweli. Tarehe 8 Oktoba 1963, Uingereza, Sultani wa Zanzibar na serikali ya Kenya zilikubaliana kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao Mwingereza aliusimamia kwa niaba ya Sultani tangu 1895 huku akimlipa kodi kila mwaka, uingie Kenya siku ya uhuru. Kabla ya hapo Mzee Kenyatta na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikwisha kuandikiana barua za ahadi: uhuru wa dini, mahakama za kadhi, Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu kadiri itakavyowezekana, na kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizosajiliwa.

Hapo penye hati ndipo ninapokwama. Sheria ya 1908 ilitaka kila mwenye ardhi huku pwani apeleke dai lake lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Babu hakupeleka dai. Mtu mwingine alipeleka. Kwa hiyo ahadi anayoitegemea Mjomba inamlinda yule yule anayemfukuza. Nikimgusia, hunijibu kwamba kadhi yupo hadi leo, na hata katiba ya 2010 imemtaja, basi na shamba litakuwepo. Uone mantiki ya wazee!

Kinachoniuma ni kwamba Mjomba hakukosea kudai, amekosea karatasi tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika ibara ya 73, uliifunga kila dola inayotawala watu wasiojitawala itangulize maslahi ya wakazi wenyewe. Mwingereza, aliyemtuma Sir James Robertson mwaka 1961 kuzunguka akisikiliza watu, aliondoka kama mpangaji: akamalizana na mwenye nyumba, akamkabidhi funguo mpangaji mpya, na waliokuwa wamelala ua wa nyuma hakuwaandikia chochote. Sheria iliyowafanya maskwota ilikuwa yake. Kabla ya kufunga virago angeirudia, walau awasajili waliokuwa wakilima. Na hata zile ahadi zilizoandikwa, nani angedaiwa? Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakamwondoa Sultani pamoja na serikali ya Shamte.

Wakili anatuambia tutafute njia nyingine, ya ukaaji wa muda mrefu, wala si ya mkataba. Mjomba hataki kusikia mpaka aione karatasi yenyewe.

Je, unaweza kufika Kew, kwenye nyaraka za taifa, ukatutafutia nakala ya barua za Kenyatta na Shamte? Gharama yake ni kiasi gani, ili nimpe shemeji yako atume? Marehemu baba yako, aliyekuwa karani wa mudiri, yule afisa wa utawala wa huku pwani, hakuacha chochote katika lile sanduku mlilogombania? Nawe ungekuwa mimi, ungemweleza Mjomba sasa au ungengoja nakala zifike? Ukizipata, tafadhali zitume kwa jina lake, maana zikija kwa jina langu atasema nimezitunga.

Wasalaam,
Nduguyo Bakari