Sprint Kuingia T-Mobile Hakukufungua Simu Yako

Sisi mafundi na wauzaji wa simu tumelaumiwa tena, na safari hii mbele ya wateja wengine. Mama mmoja alileta Galaxy aliyotumiwa na shemeji yake aliye Dallas. Tukaikagua, tukamtoza shilingi 300, tukamwambia imefungwa na kampuni iliyoiuza na sisi hapa Luthuli, jijini Nairobi, hatuna namna halali ya kuifungua. Akapandisha sauti: tunakula pesa za watu kwa kuangalia tu. Alikuwa ameelezwa kwamba Sprint, kampuni ya simu ya Marekani, ilimezwa na mwenzake T-Mobile, T-Mobile inatumia teknolojia ya GSM kama Safaricom na Airtel, basi simu ya Sprint siku hizi inakubali laini yoyote. Maneno hayo tunayasikia kila mara, na kuna wauzaji wanaoyaandika kabisa kwenye matangazo yao. Mama wa watu hakukosa kwa kumwamini shemeji yake. Ila maneno yenyewe si kweli, na yanawamaliza watu pesa.

Muungano huo ulitangazwa Aprili 2018 na kukamilika tarehe 1 Aprili 2020. Vilivyoungana ni wateja, minara na leseni za masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano. T-Mobile iliyataka sana masafa ya Sprint ya megahezi 2500, na ndiyo iliyoyatumia kusambaza 5G yake. Mtandao wa zamani wa Sprint, ule wa teknolojia ya CDMA, ulianza kuzimwa tarehe 31 Machi 2022, na 4G ya Sprint ikafuata mwishoni mwa Juni mwaka huo huo. Wateja wa Sprint waligawiwa laini mpya, na wenye simu zisizoweza kupiga kupitia 4G ikabidi watafute simu nyingine. Huko huko Marekani, simu ambazo hazikufaa mtandao mpya ziliwekwa kando. Sasa moja ya hizo itafunguka vipi yenyewe ikishapita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta?

Wengine hukumbuka mtandao wa yu, ndiyo maana wanatubishia. Mwaka 2014 Essar, kampuni iliyoumiliki, ilipoondoka Kenya, wateja wa yu walienda Airtel na minara ikaenda Safaricom. Watu waliendelea na simu zao zile zile. Ni kweli, lakini mitandao yote mitatu ilikuwa ya GSM, na simu nyingi hapa zilikuwa zimenunuliwa taslimu dukani bila kufungwa. Airtel na Telkom nazo zilitangaza kuungana Februari 2019, mpango ukavunjwa Agosti 2020, na hata kama ungefaulu simu yako isingejua tofauti. Sprint na T-Mobile ni habari nyingine, kwa sababu zilitoka kwenye koo mbili za teknolojia.

GSM ni ule ukoo ulioanzia Ulaya, simu ya kwanza ikapigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Namba yako inakaa kwenye laini: ukiitoa na kuitia kwenye simu nyingine, umehama nayo. CDMA ya Marekani haikuwa hivyo. Simu nyingi za zamani za ukoo huo hazikuwa hata na tundu la laini, maana namba ya mteja iliandikwa na kampuni ndani ya simu yenyewe. Nimewahi kuletewa iPhone 4 ya CDMA, na kijana aliyeileta alikuwa ameizungusha kila upande akitafuta mahali pa kutia laini. Hapakuwepo. Aliinunua kwa mtu njiani, imefungashwa vizuri, na kwa mazungumzo ya simu hapa Nairobi haikuwa na kazi. Hata sisi CDMA tuliwahi kuwa nayo: simu za nyumbani za Telkom Wireless, zile zenye mkono kama wa simu ya mezani lakini bila waya wa kutoka kwenye nguzo, zilitumia teknolojia hiyo.

Simu mpya za Sprint zilikuja na tundu la laini, na nyingi zina GSM ndani. Mteja akiliona tundu, anaamini mambo yameisha. Hapo ndipo tunapokutana na kufuli.

Marekani watu wengi huchukua simu kwa mkataba, wakalipa kidogo kidogo kila mwezi. Kampuni nyingi huifunga simu hiyo isikubali laini ya wengine mpaka deni liishe. T-Mobile, kwa simu ya mkataba, hutaka iwe imelipwa yote na imetumika kwenye mtandao wake angalau siku 40, kisha aombe mwenye akaunti. Ombi la fundi wa Nairobi haliwahusu, wala la shangazi aliyeipokea. Kwa hiyo mteja akinipa simu iliyofungwa, jambo la kwanza ninalomwambia ni ampigie aliyeituma: mwombe aingie kwenye akaunti yake, aangalie kama kuna deni, aombe ifunguliwe. Kwa iPhone hilo likifanyika, simu hufunguka yenyewe ikiwa na intaneti na laini mpya ndani. Halilipiwi, na mara nyingine huchukua siku moja mbili tu. Tumewaelekeza hivyo wateja wengi wakaondoka bila kuacha pesa yoyote zaidi ya ile ya ukaguzi. Sijui ni mlaghai gani anayefanya biashara ya namna hiyo.

Kinachotuumiza ni njia ya mkato. Mteja akisikia "mpigie ndugu yako", anaona tunamzungusha. Anashuka barabara, anapata mtu wa kumtilia chipu kwa shilingi elfu moja mia tano. Ni kipande chembamba kinachobandikwa chini ya laini na kuidanganya simu kwamba laini hiyo ni ya kampuni iliyoiuza. Mtandao unashika pale pale, mteja anafurahi, anarudi kutuonyesha kwamba sisi hatujui kazi. Miezi inapita, simu inajisasisha usiku, asubuhi mtandao hakuna, maana mwanya uliotumiwa na chipu umezibwa. Anarudi kwa yule aliyemtilia, anauziwa chipu nyingine.

Kuna mama mboga wa Kangemi aliyetujia akilia kwamba menyu ya M-Pesa imetoweka kwenye iPhone yake. Alipofungua menyu ya laini alikuta orodha ya kampuni za nchi za mbali. Ilikuwa menyu ya chipu, imekaa mahali pa menyu ya laini. Tukamwonyesha *334# ili angalau atoe pesa za kununulia bidhaa asubuhi ile, kisha tukaitoa chipu na laini ikarudi kama kawaida kwenye kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonyezo. iPhone yenyewe ilibaki imefungwa, kwa sababu mwenye akaunti Marekani hakuwahi kuilipa.

Kuflashi ni kubaya zaidi. Fundi asiye mwangalifu anafuta programu ya simu ili aondoe kufuli, anapakia ya modeli nyingine inayofanana, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inapotea. Ukibonyeza *#06# unaona sufuri au hakuna kitu. Simu ya namna hiyo haishiki mtandao wowote, wa hapa wala wa kwingine. Halafu anajitolea "kukurudishia" IMEI, yaani kuandika nyingine. Sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano inakataza kubadilisha namba hiyo ya utambulisho. Sisi hatuigusi, hata mteja akiweka noti mezani, na wapo waliotutukana kwa hilo. Kijana mmoja wa Umoja alikuja na simu ambayo ingefunguliwa bure, deni lake lilikuwa limekwisha. Ilishapita mikononi mwa mafundi wawili. Tulichoweza kumfanyia ni kuokoa picha za marehemu babake, na kioo tukakinunua kama spea.

Tuseme imefunguka kwa njia halali. Bado masafa. Hili wateja hawapendi kulisikia kwa sababu haliwezi kurekebishwa na mtu yeyote. 4G hapa kwetu hutegemea sana megahezi 800 na 1800. T-Mobile ya Marekani hutegemea 600, 700, 1900 na yale ya 1700 yanayoambatana na 2100. iPhone na simu kubwa za Samsung nyingi hubeba masafa ya pande zote mbili. Matatizo huwa kwenye simu za bei nafuu zilizotengenezewa kampuni moja tu ya kule: zinashika 4G ukiwa katikati ya jiji, ukifika Kitengela au ndani ya jengo zinarudi 3G. Mteja anadhani laini ni mbovu au bando limeisha. Nyingine zina intaneti nzuri lakini simu hazipigi, kwa sababu hazitambuliwi kupiga kupitia 4G ya hapa, na zikijaribu kushuka 3G hazina masafa yake. Na 5G iliyoandikwa nyuma ya simu ni 5G ya mahali fulani. Safaricom na Airtel zina 5G Nairobi, lakini simu yako itaishika tu kama inabeba masafa yanayotumika hapa.

Hiyo ndiyo kazi ya zile shilingi 300. Tunasoma IMEI, tunatafuta modeli kamili, ile ndefu yenye herufi mwishoni, maana Galaxy mbili za jina moja zinaweza kuwa na redio tofauti. Tunaangalia kama imefungwa, kama ina deni, masafa inayobeba, kisha tunatia laini za Safaricom, Airtel na Telkom moja moja na kupiga simu kweli kweli. Mashine na huduma za kukagua IMEI tunazilipia sisi. Ukinunua simu kwetu, ukaguzi umo ndani ya bei. Ukileta ya nje unalipa, na jibu likiwa baya unalipa pia, kwa sababu kazi imefanyika. Afadhali uje kabla ya kununua: mwambie muuzaji akutumie picha ya modeli na IMEI kwa WhatsApp, utuletee. Muuzaji akikataa kutuma IMEI, mwache na simu yake.

Wengine wakishindwa na simu huamua kuhama mtandao, wakidhani laini ndiyo yenye makosa. Kuhama na namba yako kunawezekana Kenya tangu Aprili 2011, na ndiyo maana 0722 siku hizi si lazima iwe Safaricom. Lakini simu iliyofungwa itaikataa Airtel kama ilivyoikataa Safaricom. Tena ukihama, namba inaenda na wewe, akaunti ya M-Pesa haiendi. Toa pesa zako kwanza, lipa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, waarifu wanaokutumia. Muuza viatu mmoja wa Gikomba alihama kwa hasira bila kutuuliza, na wateja wake wa mkoani wakashinda wakituma pesa na kurudishiwa ujumbe kwamba haiwezekani. Simu aliyokuwa akiikasirikia ilikuwa na chipu.

Na kwa wanaosubiri mgeni wa Desemba: iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini hata kidogo. Zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu yenyewe. Safaricom na Airtel wanazo, lakini utahitaji kubadilisha laini yako ya kawaida kwao. Mwambie anayekununulia achague ile isiyofungwa na kampuni yoyote, hata kama bei imezidi kidogo, na kabla hajaifungasha afungue sehemu ya maelezo ya simu na akupigie picha mahali panapoonyesha kufuli la kampuni. Tutumie picha hiyo kwa WhatsApp. Kuisoma hatutozi.