Utafiti wa upasuaji ufike na huku Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Siku hizi kila magazeti yakigusa habari za upasuaji, wimbo ni mmoja: matundu madogo, kamera ndani ya tumbo, na roboti wa Ulaya au Marekani. Ni habari njema, na mimi niliyetumikia uuguzi katika chumba cha upasuaji hadi kustaafu sina sababu ya kuzibeza. Ila zikiishia hapo, msomaji wa Kasulu, Uvinza au Kakonko atadhani utafiti wa upasuaji ni mambo ya wenye fedha, na kwamba zamu yetu itafika siku mashine itakaposhushwa kwenye lori. Kumbe katika miaka ya karibuni tafiti kubwa zimefanyika katika hospitali zinazofanana na zetu, kwa wagonjwa wanaofanana na wetu, na majibu yapo. Hoja yangu ni kwamba majibu hayo yaanze kutumika huku, na Kigoma nayo iwe mahali pa kufanyia utafiti.

Nianze na hayo matundu madogo. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake katika mji wa Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo, na wenzake wengi wakamshambulia. Miaka mitano baadaye Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akatoa mfuko wa nyongo vivyo hivyo. Leo ni kazi ya kawaida duniani, na faida zake zinajulikana: maumivu hupungua, vidonda vinavyotunga usaha huwa vichache, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Mvuvi wa dagaa anayekokota nyavu usiku kucha hawezi kuzigusa akiwa na mshono mrefu katikati ya tumbo, na wiki anazokaa nyumbani ni wiki ambazo watoto wake wanakosa. Kwa hiyo naitaka huduma hii hapa kwetu, tena naitaka sana.

Lakini njia ya kawaida inadai tumbo lijazwe hewa ya kaboni dioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Hapo utahitaji silinda zisizokatika, umeme wa uhakika, skrini, mtaalamu wa usingizi wa kumlaza mgonjwa kabisa, na fundi wa kutengeneza kamera ikigoma. Mkoa uliokaa miaka mingi ukitegemea jenereta za dizeli unajua maana ya mashine nzuri iliyofunikwa shuka. Ndiyo maana navutiwa zaidi na utafiti wa kufanya upasuaji huu bila hewa, ambapo kifaa maalumu hunyanyua ukuta wa tumbo kutoka juu. Madaktari wa vijijini nchini India wamekuwa wakiifanya kazi hiyo, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni tu, na hapa jirani Chuo Kikuu cha Makerere kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kubuni kifaa cha namna hiyo. Madaktari wetu wanapoalikwa kwenda kuona, tafadhali wapelekwe na huko.

Tena utafiti si wa kusifia kila kipya. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 600 wenye saratani changa ya shingo ya kizazi. Nusu walipasuliwa kwa tumbo kufunguliwa, nusu kwa matundu madogo. Wengi walitarajia matokeo yalingane. Haikuwa hivyo: baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila saratani kurudi walikuwa asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa tumbo, na asilimia 86 kwa wa matundu madogo. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Katika nchi kama yetu, ambako saratani hiyo inaua akina mama wengi, habari hii ilistahili kurasa za mbele.

Sasa nije kwenye jambo linalonikaa moyoni kuliko yote, nalo ni glovu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia chumba cha upasuaji: utumbo uliotoboka umeshashonwa, tumbo limesafishwa, na daktari anaomba uzi ili afunge. Glovu alizovaa ndizo zilizoingia kwenye uchafu wa tumboni tangu mwanzo. Koleo na mkasi vilivyo kwenye trei ni vile vile. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliuliza swali jepesi: itakuwaje kama dakika hiyo kila aliye mezani atavua glovu na kuvaa mpya, na muuguzi akaondoa trei ile na kufungua kifurushi kidogo chenye vifaa safi vya kufungia tu? Walishirikishwa wagonjwa zaidi ya 13,000 katika hospitali 81 za nchi saba, Rwanda ikiwemo, pamoja na Ghana, Nigeria, Benin, Afrika Kusini, India na Mexico. Bila kubadilisha, vidonda vilivyopata maambukizi vilikuwa asilimia 18.9. Kwa kubadilisha, asilimia 16.

Mtu ataona tofauti ni ndogo. Mimi nimefunga vidonda vya usaha, nakuambia si ndogo. Watu watatu katika kila mia wameepushwa. Kidonda kikichachamaa, mshono hufunguliwa, mgonjwa husafishwa kila siku akiuma meno, na siku zilizopangwa kuwa chache zinageuka wiki nyingi. Nje ya wodi yupo dada yake aliyetoka Kalya kwa boti, anapika kwa mafiga matatu na kuhesabu nauli iliyobaki. Nyumbani mbuzi ameshauzwa. Yote hayo dhidi ya jozi chache za glovu na seti ndogo ya vifaa.

Najua nitajibiwa kwamba seti hazitoshi na otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, ni moja. Ni kweli, na hapo ndipo pa kupeleka fedha. Kishikio cha sindano, koleo mbili na mkasi si bajeti ya kumtisha mkurugenzi wa halmashauri yoyote.

Jambo la ngiri nalo lina jibu. Ngiri ya kinena, yaani utumbo kujipenyeza kwenye sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, huwapata wanaume wengi wa kazi nzito, na wengi huku huishi nayo hadi utumbo unapokwama na kugeuka dharura. Tiba bora ni kuweka wavu mwembamba wa kuimarisha ukuta wa tumbo, lakini wavu wa kiwandani ni ghali. Watafiti wa Uganda na Sweden walichukua kitambaa cha aina ya chandarua, kisichotiwa dawa ya mbu, wakakitakasa, na kukilinganisha na wavu wa kiwandani kwa wanaume 302 mashariki mwa Uganda. Matokeo yalitoka mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja, katika kundi la kitambaa hicho ni mmoja tu aliyerudiwa na ngiri, na katika kundi la pili hakuna, tofauti isiyo na uzito wa kitaalamu. Bei ya kitambaa ilikuwa kama dola moja, ya wavu wa kiwandani kama dola 125. (Asiondoke mtu hapa akikata neti yake ya kitandani, hii ni kazi ya hospitali.) Mwaka 2021 utafiti mwingine, wa Sierra Leone, ulionyesha kwamba matabibu wasio na shahada ya udaktari, wakifundishwa vizuri, hufanya upasuaji huo wa ngiri bila kuachwa nyuma na madaktari.

Hilo la mwisho halipaswi kutushangaza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliona kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa akina mama wajawazito ilikuwa mikononi mwa madaktari wasaidizi, na kazi yao haikupishana kwa ubora na ya madaktari wenye shahada. Ni wagonjwa wetu waliotoa jibu hilo, na limesomwa duniani kote. Ni Watanzania wangapi wanaolijua?

Na Ifakara je? Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha ya maswali ya usalama, inayosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kukata na kabla ya kutoka chumbani, lilichagua hospitali katika miji minane, London, Toronto na Ifakara yetu ikiwa miongoni. Matokeo ya mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ni karatasi moja. Leo ipo ukutani kwenye vyumba vingi vya upasuaji, na mahali pengi hakuna anayeisoma. Nayasema haya kwa uchungu.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi. Kwanza, hospitali ya rufaa ya mkoa na zile za wilaya zianze kuwapigia simu wagonjwa wote waliopasuliwa tumbo siku ya 30, kuuliza hali ya kidonda, na kuandika jibu daftarini. Tafiti za vidonda hupima siku hiyo hiyo, na simu sasa zimefika hadi vijiji vya mwambao. Bila daftari hilo hatutajua kama asilimia yetu ni 16, ni 19 au ni 30, na hakuna mtafiti atakayetuchagua. Pili, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na vyuo vyetu vya tiba, vikitafuta mahali pa jaribio lijalo la upasuaji, vitazame huku magharibi, mwisho wa reli.

La tatu ni lako. Mwandishi wako akipita huku, amuulize Mganga Mkuu wa Mkoa ni vyumba vingapi vya upasuaji vinavyobadilisha glovu na vifaa kabla ya kufunga tumbo, na ni vingapi vinavyoisoma ile orodha kwa sauti. Majibu uyachapishe kama yalivyo, kisha muulize tena mwakani.

Wako katika kujenga taifa,
Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Ujiji, Kigoma