Salamu za Nane Nane kutoka Uyole

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na vijana wetu mliotawanyika Dar es Salaam, Tunduma na kwingineko,

Kwa niaba ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana, nawasalimu nyote kwa jina la Mwenyezi Mungu na kuwatakia heri na fanaka ya Sikukuu ya Wakulima. Mwenyekiti alinikumbusha tangu wiki iliyopita kwamba salamu za katibu zimechelewa. Ni kweli zimechelewa, naomba radhi. Kila nilipokaa kuandika nilikwama pale pale, kwenye kuwashukuru akina mama wetu wanaopeleka mazao maonyeshoni, maana miaka yote jina la kwanza kwenye orodha hiyo lilikuwa la mama yangu.

Mwaka umekuwa mgumu. Mvua zilikuja kwa fujo, kisha kipupwe nacho hakikutuhurumia. Mwezi wa saba sakitu ilishuka kule Ntokela ikaunguza viazi vya bondeni. Niliamkia shambani siku hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi majani yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga, na ilipofika saa nne jua limewaka yamegeuka meusi, yamelegea kama mboga iliyotoka chunguni. Sukari, mafuta ya kula, nauli, ada, kila mmoja wenu anajua mwenyewe alivyohesabu. Waliofiwa ni wengi pia. Tumezika mara tano tangu Januari. Kwa wote waliopatwa na misiba, kikundi kinarudia kusema poleni sana, Mungu awatie nguvu.

Pamoja na hayo, Agosti imefika na mji umechangamka. Tangu tarehe 1 spika za viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale zinasikika mpaka kwangu. Sasa hivi ninapoandika wanatangaza mtoto wa miaka minne aliyevaa sweta jekundu, mama yake afike banda la polisi. Wageni wamejaa kutoka Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa na Katavi, na nyumba za wageni kuanzia Uyole hadi Kabwe hazina nafasi. Ng'ombe wa maziwa wameogeshwa kwa sabuni kama bibi harusi. Kwenye mabanda ya utafiti mbegu za maharage zimepangwa kwenye visahani, na wanangu wamenivuta kwenye vizimba vya sungura mara tatu. Jioni ngoma za Kyela zinapoanza, hata wazee waliokuja na fimbo huwa hawakai.

Kwa vijana, nina jambo moja ambalo huwa nalisema kila mwaka. Mnapita kwenye lango lile mkisema tu "Mwakangale, Mwakangale" bila kumjua. Huyu ndiye mbunge wa TANU aliyempokea Nelson Mandela hapa Mbeya mwaka 1962, Mandela akiwa safarini kutafuta msaada wa ukombozi wa nchi yake. Waulizeni babu zenu wangali hai.

Sasa niruhusuni nimtaje mama kidogo, kisha niendelee na kazi ya kikundi.

Wengi wenu mlimzika pamoja nami mwezi wa tatu. Mlichimba kaburi kwenye mvua, udongo ukiporomoka kila mlipofika kiunoni, na akina mama mlikuja na mikungu ya ndizi kichwani, mkalala kwetu siku tatu kwenye mikeka yenye unyevu. Sikuwahi kuwashukuru vizuri. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mama hakukosa maonyesho haya hata mwaka mmoja tangu nipate akili. Mpaka mwisho aliyaita Saba Saba, maana ujana wake wote sikukuu ya wakulima ilikuwa Julai, na kuhamia Agosti kwake kulikuwa jambo la juzi. Alikuja na daftari la kurasa 48 lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akiandika kila alichoambiwa mabandani: nafasi ya tuta hadi tuta, dawa ya ukungu, jina la mbegu. Mwaka 2022, kilele cha kitaifa kilipofanyika hapa kwetu na Rais Samia akazindua ruzuku ya mbolea, alikuwa uwanjani tangu alfajiri. Msimu ule mfuko wa mbolea ya kupandia ulikuwa umepita 120,000, na yeye alikuwa amepanda robo ya shamba tu. Aliposikia shilingi 70,000 alishangilia mpaka akarudi nyumbani hana sauti, akatusimulia kwa ishara za mikono, tukacheka naye jikoni hadi usiku.

Daftari hilo ninalo. Juzi nililifungua kutafuta namba ya fundi wa pampu, nikakuta ukurasa wa mwisho alioandika. Ameandika kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa: "Gunia moja ni kilo ngapi. Waulize watu wa mizani." Chini yake mistari mitatu ya hesabu aliyoikata na kuianza upya.

Nilijua mara moja alikuwa anahesabu nini. Msimu uliopita dalali mmoja alifika shambani kwake na fuso, akajaza gunia, kisha akalivisha kilemba cha neti juu na kulijaza tena. Mama alihesabiwa magunia 11. Mjini, mdogo wangu alipoyapima mawili kati ya hayo kabla hayajapakuliwa, moja lilikuwa kilo 138 na jingine 141. Mama alilipwa ya mia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, viazi vingeoza." Lakini kumbe alikuwa amepanga kuuliza, na sikukuu yake ndiyo ilikuwa siku ya kuuliza.

Ndugu zangu, hapa lazima niseme kama katibu na kama mtoto wa mkulima. Nane Nane si sherehe ya kula mishikaki na kupiga picha na trekta. Kula, furahini, watoto wabembee, ni haki yao. Lakini mwenye siku ni yule aliyeinama shambani tangu Novemba, naye mara nyingi utamkuta amesimama nyuma kabisa ya hema, juani, wakati viti vya mbele vimekaliwa na sisi tulionunua jasho lake kwa lumbesa, yaani gunia lenye kilemba. Na ninasema sisi, kwa sababu humu humu kwenye kikundi tuna madalali, tuna wenye fuso, tuna wenye vibanda Mwanjelwa na Soweto. Tunachangishana kwa upendo mtu akifa, jeneza linapatikana ndani ya saa mbili, tunalia kweli. Kwa nini basi akiwa hai tumpunje kilo 40 kwenye kila gunia? Sheria imeweka mwisho kilo 100. Maandiko nayo, yetu na ya ndugu zetu Waislamu, yamekataza kipimo cha udanganyifu kabla serikali haijawa na mizani. Mwenye mzani anunue kwa mzani. Asiye nao aazime. Na wewe mkulima, usione haya kukataa gunia lenye kilemba. Kama viazi vitaoza, tupigie simu, tutatafuta gari pamoja.

Kwa hiyo tumekubaliana na mwenyekiti kwamba mwaka huu fedha kidogo ya sherehe iliyobaki tusinunulie fulana. Tutanunua mzani wa kikundi, wa kubebeka, utakaokaa kwa mweka hazina, na yeyote mwenye mavuno auchukue bila malipo.

Madereva wetu, mkiwarudisha wageni punguzeni mwendo Inyala na Iwambi. Barabara ya njia nne bado ina vumbi na mashimo ya ujenzi, na mmeona wenyewe yaliyotokea barabarani mwaka huu.

Nawatakia tena Nane Nane njema, yenye amani, afya na baraka tele. Walio wagonjwa Mungu awaponye, wanaosubiri bei ya mahindi Mungu awafungulie, na mlio safarini mfike salama. Tarehe 8 tukutane lango kuu saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa nimevaa koti la kijivu, na daftari la mama nitakuwa nalo mkononi. Tutaanzia banda la vipimo.

Katibu wenu,
Uyole, Mbeya